Mwalimu akipata cheti cha juu, tumtunze vipi bila kumtoa darasani? (Lamu)

Gati_ya_Mokowe (mwanzilishi wa uzi)

Assalam aleikum wana jukwaa, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni mzazi, na nimo katika halmashauri ya shule moja ya msingi hapa Lamu. Tuna mwalimu wa hisabati aliyeingia kazini na cheti cha P1, kile cha ualimu wa msingi, akasoma diploma likizo baada ya likizo, akapata digrii, na sasa amemaliza uzamili wa elimu. Juu ya hayo analipia mwenyewe kozi za TPD, zile za kumwendeleza mwalimu aliye kazini. Wazazi wamesikia, wamefurahi, wanataka atunzwe. Hapo ndipo tulipogawanyika.

Kundi la kwanza linataka hafla: dua, pilau, saa ya ukutani, blanketi, picha na mwalimu mkuu, basi. La pili linataka tumpigie mbio apate unaibu wa mwalimu mkuu, hata kama ni shule nyingine. La tatu linasema mwajiri wake ni TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu, sisi hatuna letu, tumpe mkono wa heri twende zetu.

Mimi sikuunga mkono hata moja kati ya hayo, na nitasema kwa nini.

Pilau sikatai, nani Lamu akatae pilau? Lakini saa ya ukutani imekuwa dawa ya kila ugonjwa. Mwalimu akistaafu, saa. Akihamishwa, saa. Akijisomesha miaka na miaka kwa mshahara ule ule, saa.

La unaibu ndilo linalonitia hofu hasa. Tazameni ngazi ya walimu wa msingi tangu ile miongozo ya kupanda vyeo iliyokuja pamoja na mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Mwalimu wa cheti alianzia daraja la B5, akapanda C1. Kutoka hapo, C2 na C3 ni mwalimu mwandamizi, C4 naibu, C5 mwalimu mkuu. Yaani ukishavuka C1, kila hatua inakusogeza karibu na ofisi na mbali na ubao. Sijaona ngazi inayosema huyu ni bingwa wa kufundisha, abaki na watoto na alipwe kibingwa. Zamani P1 aliyeleta digrii alipandishwa hadi daraja lililoitwa Job Group K kwa karatasi hiyo hiyo. Mlango huo ulifungwa. Siku hizi unangoja nafasi itangazwe, unaomba, unahojiwa, na nafasi zenyewe ni za uongozi.

Sasa niwaambie huyu mtu anafundisha vipi, maana nilimwona. Mada ilikuwa grafu, gredi ya sita. Alichukua fito ndefu, akaipiga alama za rangi kila sentimita kumi, akaifunga kwenye nguzo ya gati. Watoto wakapangiwa zamu: kila saa wawili wanakwenda na daftari, wanasoma maji yamefika alama gani, wanaandika, wanarudi. Kesho yake wakachora. Wakafanya hivyo siku za bamvua, wakarudia siku za maji mafu, wakaweka mistari miwili kwenye karatasi moja: mmoja unapanda na kushuka kama mlima, mwingine umelala. Kabla hawajachora ya siku ya pili, kitoto kimoja cha mvuvi, ambacho mimi sijapata kukisikia kikijibu swali, kikasema maji ya leo yatajaa baadaye kuliko ya jana, karibu saa nzima. Mwalimu hakumwambia "vizuri sana, kaa." Alimwambia, "Njoo utuonyeshe kwenye daftari." Wakahesabu: dakika hamsini na kitu. Yule mtoto alirudi kwenye dawati lake na kifua mbele.

Mtu huyo mkimpa unaibu, muhula ujao atakuwa anahesabu viti, anafuata saini na kupokea simu za ofisi ya elimu. Grafu ya maji ataifundisha nani?

Swali langu: sisi wazazi tunaweza kufanya nini, na pesa yenyewe ni hii? Mgao wa serikali kwa mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na huo una kazi zake, haununui zawadi.

---

PateMpakaKizingitini

Waaleikum salaam, ami. Mimi ni mwalimu huku visiwani. Nina digrii na niko C1. Nikiongeza neno hapo nitaonekana nalalamika, kwa hivyo niende kwenye hesabu.

TPD ilipozinduliwa Septemba 2021 tuliambiwa ni moduli sita, kila moja miaka mitano, na mwalimu atoe 6,000 kwa mwaka. Sita mara tano ni miaka 30. Elfu sita mara thelathini ni 180,000, zote kutoka mfukoni mwa mwalimu. Vyama vilipinga tangu mwanzo, vikitaka mwajiri agharimie. Sisi ambao hatukungoja ugomvi uishe tulilipa tukaanza, kwa sababu tunataka kujua kazi.

Sasa weka na mazingira. Huku kwetu mtandao unaufuata wewe. Nikiwa na kazi ya kutuma napanda darini kwa jirani, nashika simu hivi, natazama ile duara inavyozunguka. Kukiwa na kikao Lamu mjini lazima nitazame maji kwanza, kwa maana Mkanda, ule mlango wa maji tunaopitia, ukikauka boti haipiti, na kuzunguka nje kipindi cha kusi si mchezo. Posho ya mazingira magumu tunapata, alhamdulillahi, lakini inafuata daraja la mtu. Mwenye cheti cha juu kwenye daraja la chini anapokea ile ile ya daraja la chini.

Ukiniuliza mimi, kabla ya fedha ningeomba muda. Vipindi viwili kwa wiki ambavyo sina darasa, nimwone mwenzangu akifundisha au nimwite anione. Sijawahi kupewa hivyo na shule yoyote.

---

Kijana_wa_Barani

Niko Malindi, nina watoto watatu shuleni, acheni niwe mchawi kidogo.

Cheti hakifundishi. Namjua mwenye uzamili anayesoma daftari la manjano ambalo karatasi zake zimeanza kuliwa na mende, na namjua mwalimu wa P1 asiye na lolote la ziada ambaye watoto wanamkimbilia getini asubuhi. Halafu tusijifanye hatujui kwamba nchi hii kuna vijana wanaoishi kwa kuandikia watu tasnifu. Unalipa, unatumiwa, unavaa joho. Mkianza kutunza vyeti, mtajaza nchi vyeti.

Mimi ningetunza matokeo. Watoto wamefaulu? Mpe. Hawakufaulu? Asubiri.

---

Mwanagenzi_JSS

Mimi ni mwanagenzi wa sekondari msingi (JSS), na elfu 20 zangu za mwezi kabla ya makato, bado nangoja kuajiriwa kwanza. Nyinyi mko kwenye ubingwa. Endeleeni, nasoma.

---

Bi_Mstaafu_Langoni

Yeo nimekaa nikausoma uzi wenu wote, wanangu. Nitaandika sanifu ili na wa bara wafahamu.

Kijana wa Malindi, la matokeo lina mtego. Nimefundisha mjini, nimefundisha na shamba huko Hindi, Lamu ya bara. Mtoto wa mjini nyumbani kwao kuna taa, kuna dada aliyemaliza sekondari, kuna maalim wa chuoni aliyemzoesha kukaa chini na kuhifadhi tangu ana miaka minne. Mtoto wa shamba msimu wa kuvuna simwoni wiki nzima. Ukilipa kwa matokeo, kila mwalimu mwenye akili atakimbilia mjini, na wa Kiunga watafundishwa na nani? Wao tayari wana taabu ya kutosha. Kule Basuba watoto wamekaa miaka bila shule kwa ajili ya usalama.

Lakini kwenye cheti nakuunga mkono nusu. Zamani zetu mwalimu alikuwa P3, akapanda P2, akapanda P1, na kulikuwa na wale walioitwa ATS waliopandishwa kwa kazi yao. Hukupanda kwa kuleta karatasi tu. Inspekta alikuja akaketi nyuma ya darasa, kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni, na daftari lake. Habari zake zilitufikia kabla hajateremka mashuani, siku hiyo hata mbuzi wa jirani hawakuingia uwanjani. Tulimwogopa, naam. Wengine walikuwa wakali bila sababu. Lakini alikaa kipindi kizima, akatazama, na baada ya hapo akakuita mkaongea: kwa nini ulimwacha yule wa nyuma? Kwa nini uliandika kabla ya kuuliza?

Siku hizi naambiwa kuna TPAD ya kupima kazi ya mwalimu, mwalimu anajipa alama mwenyewe kwenye kompyuta kisha naibu anathibitisha. Wajukuu zangu wawili ni walimu. Wananiambia kazi kubwa ni kutafuta mtandao mwisho wa muhula. Je, kuna mtu anayeketi nyuma ya darasa?

---

PateMpakaKizingitini

Bi, TPAD inataka mtu akutazame ukifundisha, kwa maandishi. Kwa vitendo, naibu mwenyewe ana vipindi vyake na ana ofisi. Unajua vile huwa.

Na jambo moja: fomu inauliza una skimu ya kazi, una andalio la somo, una rekodi. Ile fito ya ami kwenye gati haina kisanduku chake.

---

Mlamu_Ughaibuni

Salaam kutoka North Carolina. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, nafundisha sayansi huku. Kila mwaka nawaona wenzangu wakihangaika na kitu kinachojibu nusu ya maswali yenu, kwa hivyo nikae chini niandike.

Huku kuna bodi inayoitwa National Board for Professional Teaching Standards, ilianzishwa 1987. Haimwajiri mtu wala haimpi mtu leseni ya kuanza kazi. Leseni ni ya jimbo. Bodi inatoa cheti cha ubingwa kwa mwalimu ambaye tayari yuko kazini na ana uzoefu wa miaka 3. Ni hiari. Na hakuna shahada inayokupatia cheti hicho. Uwe na uzamili, uwe na udaktari, utapita njia ile ile.

Njia yenyewe ina sehemu nne. Ya kwanza ni mtihani wa somo lako, unafanyia kwenye kituo. Ya pili unapeleka kazi za wanafunzi wako halisi, unaeleza ulimsaidia vipi huyu aliyekuwa nyuma na yule aliyekuwa mbele. Ya tatu ni video za wewe ukifundisha. Ya nne unaonyesha unavyotumia taarifa za wanafunzi, na unavyofanya kazi na wazazi na walimu wenzako. Wanaosahihisha ni walimu wa fani hiyo hiyo, na hawakujui.

Bi wa Langoni, yule inspekta wako yupo huku ila amegeuka video. Na kinachowatoa jasho watu si video yenyewe, ni maelezo yanayofuata. Mwenzangu mmoja alirekodi somo zuri, watoto wanacheka, wanajibu. Akaketi kulitazama, akagundua kwamba kwa dakika zote zile aliowauliza maswali ni walewale wa meza mbili za mbele. Ikabidi aandike hilo, na aandike atafanya nini. Hupewi alama kwa kuwa malaika. Unapewa kwa kuona.

Gharama ni dola 475 kwa kila sehemu, jumla 1,900, mbali na ada ya kujiandikisha. Si kidogo hata kwa mshahara wa huku. Wengi hawapiti mara ya kwanza, wanarudia sehemu waliyokwama. Cheti kinahuishwa kila baada ya miaka 5. Waliokwisha kukipata nchi nzima wamepita 130,000.

Sasa utambuzi. Hilo ni la kila jimbo. Hapa North Carolina mwenye cheti anapata asilimia 12 juu ya mshahara wa jimbo, na sharti ni awe anafundisha. Mississippi wanatoa dola 6,000 kwa mwaka. Washington wana bonasi ya kila mwaka, kisha wanaongeza nyingine kwa aliye katika shule ya watoto maskini. Yapo na majimbo ambayo hayatoi chochote, mtu anapata pini ya kubandika kifuani na makofi.

Gati ya Mokowe, jambo lako liko hapo. Bodi iliundwa ili mwalimu mzuri apate pa kupanda bila kukimbilia ofisi. Singapore nao wana njia tatu, ya ualimu, ya uongozi na ya utaalamu, na ile ya ualimu inapanda juu kabisa bila ya mtu kuwa mkuu wa shule.

---

Kijana_wa_Barani

Mwalimu, maelezo yamekaa sawa, shukran. Lakini usituuzie upande mmoja. Huko hakuna malalamiko?

---

Mlamu_Ughaibuni

Yako tele, kaka. Wapo wanaosema ada inawazuia walimu wa shule maskini. Wapo wanaosema nguvu nyingi zinakwenda kwenye kuandika badala ya kufundisha. Tafiti kuhusu kama wanafunzi wa walimu wa bodi wanafanya vizuri zaidi haziko upande mmoja. Zipo zilizoona tofauti, zipo ambazo hazikuona kubwa. Na walimu wenye cheti walionekana kurundikana kwenye shule ambazo tayari zina nafuu. Ndiyo maana ya ile nyongeza ya Washington, kumvuta mwenye cheti aende au abaki kwenye shule ngumu.

Kwa Lamu ningelitazama hilo kwanza. Mwalimu wa visiwani akiwa bingwa, kitu gani kitamfanya abaki visiwani?

---

PateMpakaKizingitini

Mke na watoto, kwa sasa.

---

Mwakilishi_wa_Tawi

Nimeona mnagusa mambo ya vyeo, niweke historia kidogo, kwa sababu watu wanasahau haraka.

Suala la kupandishwa kwa masomo lilipelekwa mahakamani. Julai 2019 Mahakama ya Ajira iliamua kesi ya chama cha walimu, KNUT, na TSC kuhusu ile miongozo mipya, na uamuzi ukawa wanachama wa KNUT wapandishwe kwa utaratibu wa zamani. Tukashangilia. Kilichofuata ni kwamba walimu wa KNUT walikosa nyongeza za mkataba walizopata wenzao, kwa hoja kwamba mkataba umesimama juu ya miongozo hiyo hiyo, na watu wakahama chama kwa maelfu. Nimekaa kwenye mikutano ya wakati ule, mwalimu anakutazama usoni anakuuliza: mmenishindia nini?

Kwa hivyo msidhani wakubwa hawajui kwamba mwalimu aliyesoma anataka kuonekana. Wanajua. Ugomvi ni kwamba tulipigania karatasi ihesabike, wao wakasema nafasi ndiyo ihesabike, na darasani hakuna aliyeingia kutazama. Sisemi haya kwa kuipenda TSC, wanaonifahamu wanajua.

Halafu mnamkumbuka Peter Tabichi, aliyepata Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani 2019, dola milioni moja. Shule yake, Keriko, iko kijiji kinachoitwa Pwani. Watu wetu walirukaruka wakidhani ni wa huku! Pwani hiyo iko Njoro, Nakuru. Lakini alikuwa mwalimu wa sayansi wa kawaida wa shule ya kutwa, na walimpa akiwa bado anashika chaki. Dunia ilimwona darasani.

---

Msimamizi

Nimefuta ujumbe mmoja uliotaja jina la afisa na nambari yake ya simu. Zungumzeni jambo, majina ya watu acheni.

---

Tanga_Raha

Majirani, nawasalimu kutoka Tanga. Huku tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Ukitoa maneno ya makaratasi, kinachobaki ni kukutana shuleni kwenu, kwenye jumuiya ya ujifunzaji. Mwalimu mmoja anafundisha, wengine wanaangalia, mnajadili, au mnachukua mada moja inayowashinda, mfano sehemu katika hisabati, mnaivunja wote. Shule za jirani zinakutana kwenye kituo cha walimu. Mwalimu halipi ada.

Sitawadanganya kwamba kila shule inafanya. Kuna ambako jumuiya ni chai na mahudhurio. Inategemea kama kuna mtu mmoja anayeipenda kazi na anayeaminiwa na wenzake. Huyo mwalimu wenu wa fito, mimi ningempa hiyo jumuiya aiongoze. Asipewe ofisi, apewe ubao na wenzake wa kuwafundisha.

---

Bi_Mstaafu_Langoni

Huyu wa Tanga kasema neno. Ila mwanangu, mwenye kuongoza bure mwaka wa kwanza anaongoza kwa moyo. Mwaka wa pili wenzake watamwita kipenzi cha mwalimu mkuu, na yeye atachoka. Nimeyaona. Apewe kitu kinachojulikana, na wenzake wajue kwa nini kapewa.

---

Kijana_wa_Barani

Na kama ni mtu wa kunionyesha darasa lake mlango wazi, mimi hoja yangu ya vyeti vya kununua imepungua makali. Tasnifu utaandikiwa, kusimama mbele ya watoto arobaini na walimu wenzako wanakutazama huwezi kumtuma mtu. Lakini nauliza la pesa: wazazi wa Lamu watachanga? Huku Malindi ukitaja mchango kwenye mkutano, watu wanakumbuka wameacha chungu motoni.

---

Gati_ya_Mokowe

Nimewasoma wote. Niandike ninavyokwenda kusema kwenye kikao, mnirekebishe kabla sijafika.

Kwanza, pesa ya zawadi. Nimeuliza dukani. Saa nzuri, blanketi zito na fremu ya kioo, ukiongeza na pilau ya watu mia, tuko mbali juu ya elfu sita. Elfu sita ni ada yake ya TPD ya mwaka. Nitapendekeza wazazi walipe hiyo ada, tena walipe yake na ya mwalimu mwingine atakayekubali kuanza. Risiti isomwe mkutanoni kama tunavyosoma majina ya waliochangia msikiti. Pilau ipungue watu.

Pili, vipindi. Tunaye mwalimu wa halmashauri tunayemlipa wenyewe, ana nafasi kidogo. Nitaomba amshikie huyu wetu vipindi viwili kwa wiki, na kwenye vipindi hivyo aketi nyuma ya madarasa ya wenzake kama alivyosema Bi, au wao waje kwake. Kijana wa Barani, hapo hatuhitaji mchango mpya.

Tatu, barua. Barua tulizozoea zinasema "mwalimu mwenye bidii na nidhamu," hata mtu akizisoma hajui ni mwalimu wa nini. Nataka barua ya halmashauri ieleze lile somo: fito, zamu, bamvua na maji mafu, yule mtoto na hesabu yake, na nakala za grafu za watoto ziambatishwe. Iingie kwenye faili lake. Siku akiitwa mahojiano ya C2 awe na kitu cha kuweka mezani zaidi ya vyeti. Mwakilishi wa Tawi, hilo linaruhusiwa?

La unaibu nitalipinga wazi. Na kama yeye mwenyewe anautaka, aseme, ni haki yake. Mshahara ni mshahara na ana watoto. Nimemuuliza. Akacheka, akasema tumwache amalize grafu kwanza.

---

Mwakilishi_wa_Tawi

Barua ya halmashauri inakubalika, haina ubaya. Ipigwe muhuri, itiwe saini na mwenyekiti na mwalimu mkuu, nakala moja abaki nayo mwenyewe. Wasailiwa wengi wanafika na bahasha ya vyeti tu. Lakini usimwahidi kwamba barua itampa C2. Nafasi ni chache kuliko waombaji, na alama za mahojiano zina mambo mengi.

---

Mlamu_Ughaibuni

Ongezeni video, ami. Simu moja, ifungwe dirishani, somo moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Msiitie muziki wala msiipeleke mitandaoni kabla wazazi wa watoto hawajakubali. Huku bila idhini ya mzazi hurekodi. Mwalimu aitazame mwenyewe kwanza, ndipo awaite wenzake.

---

PateMpakaKizingitini

Ami, kama darasa litakuwa wazi, mnatupokea na sisi wa nje? Tuko wawili tunaofundisha hisabati gredi za juu, na wote hatujawahi kumwona mtu mwingine akifundisha tangu chuo. Nauli ya boti tutajitegemea. Shida ni siku. Ijumaa msiweke, tutakuwa na haraka ya kurudi. Jumatatu kuna gwaride na makaratasi.

---

Gati_ya_Mokowe

Karibuni sana, na nauli nitaitaja kikaoni, hamtajitegemea.

Tuseme Jumatano. Nimetazama maji: wiki ijayo ni maji mafu, Mkanda utawasumbua. Ile inayofuata kutakuwa na mwezi mpana, maji yatajaa vizuri, mtapita bila kuzunguka nje, na yeye atakuwa anarudia grafu na darasa jipya.

---

Mwanagenzi_JSS

Na sisi wa sekondari msingi tulio uwanja huo huo tunaruhusiwa kuchungulia?

---

Gati_ya_Mokowe

Ingia, ukae. Kiti beba mwenyewe.

Pate, nitumie kwa faragha jina la shule yenu na la mwenzako. Ruhusa lazima iombwe kwa mwalimu mkuu wenu, na afisa wa mtaala apate nakala kabla ya Ijumaa hii, la sivyo mtaandikiwa hamkuwepo kazini.